Kitufe cha Hodi

Jumatatu saa tatu asubuhi Zakiya alikuwa chumbani kwake, juu ya duka la kanga la Hussam, Biashara Street, akipima ukurasa. Ulikuwa na uzito wa kilobaiti kumi na nne. Aliuona bado mnene, akafuta mistari miwili.

Hiyo ndiyo kazi iliyomweka mjini: kutengeneza tovuti nyepesi. Wenzake walipotaka menyu ifunguke au picha ipinduke, walipakia mzigo wa JavaScript unaotosha kuendesha benki, na simu ya mteja ikahangaika mpaka bando likaisha. Zakiya alitumia maktaba ndogo ndogo, vifurushi vya msimbo wa kompyuta vilivyoandikwa na watu asiowajua na kuachwa bure, kila kimoja kikifanya jambo moja tu na kulifanya sawasawa. Aliyeita hilo umaskini alijibiwa vikali, na mara nyingi akaombwa ashuke ngazi.

Maktaba hizo zilikuwa na tabia moja. Zikipangwa vizuri, zilifanya kazi hata nje ya skrini. Mwaka uliotangulia alimwekea Hussam kitufe cha kubadilisha rangi za kanga, na kila mteja wa Maskati alipokibonyeza, kanga za rafuni zilitoka nyekundu zikawa kijani. Hussam alilalamika mara moja, kwamba mama aliyesimama dukani alikuwa ameshachagua nyekundu. Zakiya akakifunga kitufe saa za duka, mambo yakaisha.

Kazi ya wiki hii ilikuwa ya Shamsudin, mwenyekiti wa kamati ya wakfu ya mtaa wao wa Mji wa Kale. Alitaka tovuti ya nyumba ya wageni, na alikuwa ametuma picha tisa. Ya kwanza ilikuwa ya mlango wa nakshi. Zakiya aliutambua kabla picha haijamaliza kufunguka.

Ulikuwa mlango wa Bi Mwanakhamis. Nyumba ile iliwekwa wakfu na Bi Duha miaka tisini iliyopita, ili wakae wanawake wa mtaa wasio na pa kukaa, maadamu dunia ipo. Ndivyo hati ilivyosema. Bi Mwanakhamis alikaa humo miaka ishirini na sita akishona kofia kwa mkono, na ndiye aliyemfundisha Zakiya, akiwa mtoto wa miaka tisa, kutoboa kitambaa na kuzungushia uzi kila tundu. Kisha kamati ikamwambia paa lataka kuanguka, atoke miezi mitatu litengenezwe. Akatoka na godoro na kikapu cha nyuzi. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na nne, na bado alikuwa akilala ukumbini kwa mpwa wake Lamis, Majengo, ambako watu walimruka wakienda chooni.

Picha ya tano ilionyesha taulo nyeupe zilizokunjwa umbo la bata. Zakiya aliitazama mpaka hasira zikampanda kichwani, kisha akapiga simu.

"Salaam aleikum, Ami Shamsudin. Bi Mwanakhamis atarudi lini?"

"Aleikum salaam, mwanangu. Ukarabati haujesha."

"Naona taulo."

"Hizo ni za mafundi," alisema Shamsudin. "Sasa sikiza. Wageni wapenda mila. Weka kitufe cha hodi. Mtu akibonyeza, mlango ufunguke, aone vyumba."

Zakiya angeweza kukataa. Hakukataa, kwa kuwa kazi zilikuwa chache mwezi ule, na jambo hilo lilimchoma kuliko zile taulo. Akachukua maktaba ya kilobaiti nne, akaandika kitufe. Kwa kuwa alilelewa Mji wa Kale, aliandika kama alivyofunzwa: hodi mara tatu. Mtu hupiga hodi tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka bila kinyongo. Hapo ndipo alipokosea. Aliona ile ni picha tu, akaiambia hodi ya tatu ifungue bila kungoja mtu wa ndani aseme karibu.

Akaupandisha ukurasa mtandaoni, akajaribu kwa simu yake. Hodi, hodi, hodi. Mlango wa kwenye skrini ukafunguka vizuri, bila kukwama. Baada ya dakika nne Shamsudin akapiga simu kusema kwamba mlango wa nyumba uko wazi na kufuli linaning'inia kwenye mnyororo. Zakiya akamwomba aufunge na angoje, akabonyeza tena mara tatu.

"Umefunguka," alisema Shamsudin. "Na nilikuwa nimeuegemea."

Kioko, fundi wa makufuli wa karibu na Marikiti, akaitwa. Aliweka kufuli jipya, akakaa barazani akamenya chungwa. Saa sita na robo mtu aliyekuwa Toronto akapiga hodi tatu kwenye tovuti, na kufuli likaachia. Kioko alilikagua mbele na nyuma.

"Kufuli ni zima," alisema. "Mlango ndio una adabu. Umelelewa usimwache amesimama nje mtu aliyepiga hodi. Hiyo mimi sina bisibisi yake."

Siku hiyo mlango ulifunguka mara kumi na moja, na wapita njia wakachungulia, kama mtu yeyote angefanya. Waliona boriti zimenyooka vile vile, chokaa ya zamani haijapata hata ufa, na hakuna msumari mpya popote. Kilichokuwa kipya ni vitanda, feni na taulo. Paa halikuwa limetengenezwa kwa sababu halikuwa na kasoro. Kabla ya adhana ya alasiri mtaa mzima ulikuwa unajua. Watu walisikitika sana, wakaenda msikitini, wakasimama safu moja na mwenyekiti.

Jumanne Shamsudin alipanda ngazi za Zakiya mwenyewe, akihema.

"Kiondoe kile kitufe."

"Sikiondoi."

"Tovuti ni ya kamati, Zakiya."

"Na nyumba ni ya nani, Ami?"

Shamsudin alisema hati za zamani zataka watu wa kuzifahamu. Alisema wageni wataunufaisha wakfu. Alisema mengi, kwa sauti ya upole, na Zakiya alimwacha amalize kwa sababu alikuwa mkubwa wake.

"Mulimtoa mama wa watu kwa paa zima," alimwambia alipomaliza. "Mukamwambia miezi mitatu, naye akaamini kwa kuwa ni nyinyi. Nimeweka vitufe vingi na nimeviondoa vingi, lakini hiki hata unishitaki sikigusi."

Shamsudin hakufoka, alikuwa muungwana. Jioni ile tovuti ilizimwa, na kamati ikachukua kampuni ya Nairobi iliyotengeneza nyingine. Ukurasa wao ulikuwa na megabaiti tisa na kitufe kikubwa cha rangi ya chungwa kilichosema Weka Nafasi. Watu walikibonyeza sana. Mlango haukujishughulisha nacho.

Lakini ukurasa wa Zakiya ulikuwa mwepesi, na wepesi ule kamati haikuufikiria. Msimbo, maktaba na picha ya mlango vilikaa ndani ya faili moja ndogo kuliko picha ya harusi, na faili hiyo haikuhitaji mtandao wa mtu ili ifunguke. Zakiya alimtumia Lamis kwa WhatsApp. Lamis akaituma kwa kundi la kina mama wa Majengo, kundi hilo likatuma kwa la msaada wa mazishi, na kufikia Ijumaa wauza mihogo wa ufukweni Mama Ngina walikuwa nayo kwenye simu zao. Shamsudin aliuliza izimwe wapi, na hakuna aliyeweza kumwonyesha mahali.

Jumamosi asubuhi Bi Mwanakhamis alivaa buibui, akashika kikapu chake cha nyuzi, akatembea kutoka Majengo mpaka Mji wa Kale. Zakiya alimkuta mbele ya mlango, amesimama. Simu yake ilikuwa ile ndogo iitwayo kabambe, ya kupiga na kupokea tu, kwa hivyo Zakiya akampa yake.

Bi Mwanakhamis akairudisha. "Mimi sipigi hodi kwangu," alisema. "Piga wewe, ndiwe mgeni."

Zakiya akabonyeza mara tatu. Kufuli likaachia, mnyororo ukashuka, mlango ukafunguka. Bi Mwanakhamis akatanguliza mguu wa kulia, akaingia, akawatoa bata wa taulo juu ya kiti, akaketi.

"Karibu," akasema kutoka ndani.

Kabla ya magharibi kamati ilikuja na askari wawili. Walimtoa kwa heshima zote, wakamshika mkono kwenye kizingiti, wakafunga. Asubuhi mtu mmoja wa Kizingo akapiga hodi kwa simu yake kabla hajaenda kazini, na Bi Mwanakhamis akaingia tena. Ikawa hivyo kila siku. Wageni walikuja na masanduku yao, wakamkuta anashona, wakaandika kwenye mtandao kwamba mwenyeji ni mkarimu sana. Kesi ilifunguliwa, ikaahirishwa mara tatu. Hati ilibaki kabatini kwa Shamsudin, ikisema ilivyokuwa ikisema siku zote.

Siku ya arobaini na moja, baada ya alasiri, Shamsudin alikuja peke yake. Alikuwa na karatasi.

"Bi Mwanakhamis, kamati imekaa, imeona busara," alisema. "Tutakuandika kazi. Uwapokee wageni, ufagie, utandike. Utapawa na sare."

Bi Mwanakhamis alikuwa katikati ya tundu. Alilizungushia uzi mpaka likafunga, akakata kwa meno.

"Keti, Shamsudin."

"Sikuja kukaa."

"Nimekwambia karibu. Keti."

Shamsudin akaketi. Alikuwa mtu wa kwao, na mtu wa kwao akikaribishwa hasimami. Bi Mwanakhamis akammiminia kahawa kwenye kikombe kidogo, akamsukumia na kipande cha halua.

"Nyumba hini sikupawa na wewe, na kazi yako siitaki," alimwambia. "Mtu haandikwi kazi kwake. Mkeo hajambo?"

"Hajambo, yuwashukuru."

"Na lile goti lake?"

Walizungumza juu ya goti. Shamsudin alikunywa vikombe viwili, akashukuru, akaikunja karatasi yake. Kisha akatoka mlangoni akawapungia mkono askari waliokuwa wakingoja pembeni. Wakaja, wakamtoa Bi Mwanakhamis, mmoja akambebea kikapu. Shamsudin akafunga mlango kwa kufuli la kumi na mbili, akalivuta mara mbili kuhakikisha.

Bi Mwanakhamis alikuwa barazani, akifunga ukaya wake kichwani.

"Kesho uje mapema," alimwambia. "Leo kahawa umeikuta imepoa."

Kisha akachukua kikapu chake kutoka kwa askari, akashika njia ya Majengo.