Wapangaji wa Alhamisi

Mara ya saba Fundi alipokwenda Idara ya Makazi kulalamikia dari yake, alibeba ushahidi. Aliitua ndoo ya bluu juu ya kaunta taratibu, asimwage hata tone, maana alikuwa mshona nguo na vitu vya watu alizoea kuvifikisha salama.

"Hii nini, dada?" akauliza karani wa malalamiko. Mtaa mzima ulimwita mzee huyu Muhuri, kwa sababu katika miaka yake ishirini na miwili kazini hakuna karatasi iliyopita mbele yake ikaondoka bila kugongwa.

"Dari yangu hiyo, mzee wangu. Nimekuletea kipande."

Muhuri hakucheka. Alitoa faili, akalamba kidole, akafunua kurasa mpaka akafika alipotaka. "Jengo lenu lilikarabatiwa mwaka jana. Paa jipya, mabomba mapya, vigae vyumba vyote. Limekamilika. Hapa pameandikwa."

"Na maji haya?"

"Maji haya hayajaandikwa popote."

Fundi hakuwa kipofu. Hapo aliposimama alikuwa amekanyaga vigae vipya vinavyong'aa hadi mtu anajiona pua. Madirisha yalikuwa mapya, lifti ilikuwa mpya, na hewa baridi ilitoka ukutani polepole kama ya hospitali ya wakubwa. Kila mtu mwenye macho angejua paa lake lilikwenda wapi: lilikuwa pale pale, juu ya kichwa cha Muhuri. Alibeba ndoo yake akaondoka.

Nyumbani alikuta mama yake amekaa kitako kitandani, kifua kikipiga filimbi. Waliishi ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho, na kila chombo kilikuwa na kituo chake: ndoo ya bluu upande wa dirisha, penye tone kubwa, ndoo nyekundu karibu na cherehani, nayo ilikuwa na ufa, sufuria mlangoni. Daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: mama atolewe kwenye unyevu kabla ya mvua kubwa, la sivyo asilaumiwe mtu. Mvua kubwa zilikuwa zimebakiza wiki tatu.

Kesho yake, Jumanne, Mkurugenzi wa Idara alifika mwenyewe. Alisimama mbele ya jengo akauliza watu jengo liko wapi. Alipoonyeshwa alilitazama kwa muda, akafuta jasho, kisha akapanda ngazi akiwa ameshika ukuta, na ukuta ukambakia mkononi.

"Dada yangu," alimwambia Fundi, "Alhamisi anakuja mkaguzi kutoka wizarani. Anataka kuwaona wapangaji ndani ya jengo lililokarabatiwa."

"Mungu mkubwa. Atawaonea wapi?"

"Hilo ndilo lililonileta." Mkurugenzi akashusha sauti. "Ofisi yetu nayo ina ghorofa tatu. Nyinyi familia sita mje na vitanda vyenu, mkae siku moja tu. Mkaguzi akishaondoka, nawarudisha kwa lori, na paa lenu nalishughulikia mimi mwenyewe."

Fundi alimwangalia mtu huyu aliyemzungusha njoo-kesho mwaka mzima, na sasa anamwazima kama kiti cha harusi. Aliona aibu, tena aibu isiyo yake. Alikuwa amefungua mdomo kumwambia akamtafute mwingine wa kumchezea mchezo huo, mama akadakia kutoka kitandani.

"Huko kuna maji ya moto?"

"Yapo, mama yangu. Unafungulia tu."

"Mwanangu, usimkatalie bwana mkubwa. Mtu mzima akija mpaka hapa kuomba, ujue kimemfika."

Basi Jumatano ilikuwa vurugu. Madawati ya ofisi yalirundikwa stoo ya chini, mafaili yakafunikwa mablanketi yakaitwa makochi. Bango la Idara pale mlangoni halikung'oka, kwa hiyo Fundi alitakiwa kushona pazia la kulifunika, akalishona la maua makubwa. Meza ya mikutano ilikataa kupita mlango wowote, ikabaki pale pale na kugeuka meza ya chakula ya mjane wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akiishi peke yake. Fundi na mama yake walipewa ofisi ya Mkurugenzi, kwa kuwa ndiyo ilikuwa na bafu.

Mama alioga nusu saa nzima. Alipotoka, alilala. Fundi alikaa kando ya cherehani yake akisikiliza, na ilimchukua muda kujua anasikiliza nini: filimbi haikuwapo. Asubuhi ya Alhamisi bado haikuwapo. Alilia kidogo, haraka haraka, halafu akapiga pasi gauni lake.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa na miwani ya kusomea, ambayo hakuivua tangu alipoingia. Alipita vyumba vyote bila kuinua macho kwenye karatasi zake. Angepitishwa zizini, angeandika mbuzi ni wapangaji.

"Vyumba?"

"Kumi na vinane," akajibu Mkurugenzi.

"Wapangaji?"

"Hawa hapa, hai kabisa."

"Meza hii mbona ina viti ishirini?"

"Napenda wageni," akasema mjane.

Mkaguzi akatia alama. Mkurugenzi akaanza kupumua, akaanza hata kutabasamu, ndipo mkaguzi akauliza, "Fomu za makabidhiano ziko wapi? Kuona watu si kitu. Bila fomu sikumwona mtu."

Tabasamu likakauka. Mkurugenzi alimvuta Muhuri pembeni, karibu na mlango alipokuwa Fundi. "Tengeneza fomu za kuzugia. Upesi!"

Muhuri alijinyoosha. Fundi hakuwahi kumwona mzee yule amekasirika. "Mkuu, Idara hii haina fomu za kuzugia. Zipo za kweli tu."

"Basi lete hizo hizo!"

Na Muhuri akaleta. Akakaa kwenye meza ya mjane, akajaza mojamoja kwa mwandiko wa kutulia, nakala tatu tatu. Penye jina la mpangaji aliandika jina. Penye anwani ya jengo aliandika anwani ya jengo alilokuwa amekaa ndani yake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aandike nyingine na uongo hakuwahi kujifunza. Mkurugenzi alitia saini zote bila kusoma, jasho likimdondokea kwenye wino. Mkaguzi akatia yake. Muhuri akagonga, akagonga, akagonga, na kila familia ikapewa nakala. Mkaguzi akasifu utunzaji wa kumbukumbu, akaingia kwenye gari lake.

Vumbi la gari halijatulia, Mkurugenzi akapiga makofi. "Ahsanteni sana, ndugu zangu! Lori liko nje. Tuanze na vitanda."

Hakuna aliyesogea. Fundi alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi kubwa, karatasi mkononi. Alikuwa mtu wa kusoma mpaka maandishi madogo, kazi ya vipimo imemzoeza hivyo.

"Mzee Muhuri," akasema, "nisaidie hapa kwenye sharti la nne. Macho yangu leo hayanipi."

Muhuri akaipokea, akaisoma kwa sauti ileile aliyomsomea mara saba. "Mpangaji aliyekabidhiwa hataondolewa katika jengo hili ila kwa amri ya mahakama."

"Upuuzi gani huo!" Mkurugenzi akafoka. "Hii ni ofisi! Kila mtu anajua hii ni ofisi!"

"Inawezekana, mkuu," akasema Muhuri kwa heshima zote. "Lakini hapa pameandikwa."

"Nitakwenda mahakamani!"

"Ni haki yako. Watakuuliza tu wapangaji walitolewa jengo gani, na jengo hilo lilikarabatiwa lini."

Ndani, mama alijigeuza kitandani, akaomba watu wapunguze kelele.

Idara haiwezi kukaa barabarani. Muhuri alipekua mafaili akakuta serikali ina jengo moja tu lililo wazi, tena limekamilika, lina paa jipya na vigae vyumba vyote. Wiki iliyofuata wakahamia huko na madawati yao. Mkurugenzi alichagua ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho, kwa sababu ya mandhari.

Mvua kubwa zilianza tarehe yake. Siku ya tatu Mkurugenzi alijaza fomu ya malalamiko, akaipeleka mwenyewe kwa Muhuri. Muhuri aliigonga muhuri, akafungua faili, akalamba kidole. Fundi hakuwapo kusikia jibu, ila alilijua alipofungua mlango alasiri ile akamkuta Mkurugenzi amesimama nje, bega moja la koti limelowa chapachapa.

"Dada yangu," akasema, macho chini. "Kile chumba... ulikuwa ukifanyaje?"

Fundi alikuwa na maneno ya mwaka mzima. Aliyatafuta, akasikia mama yake nyuma akihema vizuri usingizini, akaona hayana haraka. Aliingia bafuni akatoka na ndoo ya bluu.

"Hii iweke upande wa dirisha. Ile nyekundu niliyoiacha usiitegemee, ina ufa."

Mkurugenzi akaipokea kwa mikono miwili. "Nitairudisha lini?"

"Paa likiisha," akasema Fundi, akafunga mlango polepole ili asimwamshe mama.