Diski Isiyofungwa

Usiku wa jana niliota kompyuta yangu imeikataa diski ya baba. Safari hii haikuandika kosa kwenye kioo kama ilivyofanya mchana kutwa. Ilikohoa, ikatoa ile sahani yake ya kuwekea diski kama mtu anayetoa ulimi kwa daktari, ikasema, "Huyu simjui."

"Utamjuaje na hutaki kumsikiliza?" nikaiuliza.

Nilikuwa na sababu ya kubishana. Baba yangu, Mzee Mwakalinga, alifanyiwa upasuaji wa koo, na tangu hapo hana sauti. Akitaka chai hugonga meza. Mwanangu Subilaga alizaliwa baadaye, hajawahi kumsikia babu yake akisema hata neno. Sauti ya baba imebaki kwenye diski moja tu, tuliyoirekodi wenyewe nyumbani Tukuyu siku ya kipaimara changu.

"Usiigombeze kompyuta," diski ikasema kwa upole. "Mimi sikufungwa baada ya kurekodiwa, ndiyo maana hainisomi."

Naiangalia. Kweli, ina mlango, na mlango uko wazi. Baridi ya Tukuyu inaingia bila hodi. Ndani, wageni wa kipaimara wamejikunyata kwenye makoti, sahani za pilau mikononi, wanasubiri.

"Anza kwa kunifuta," ikaniambia. "Kitambaa laini. Toka katikati kwenda nje. Usizungushe."

Nikafungua kitenge changu, nikainama, na hapo diski ikawa pana kama uwanja wa mpira. Nasimama kwenye tundu la katikati. Nafuta kinyumenyume mpaka ukingoni, narudi katikati, nafuta tena. Mgongo ukaniuma, nikajaribu kukata kona.

"Unanikwaruza," diski ikasema.

Nikaomba radhi, nikanyoosha.

Nilipofika ukingo wa mwisho, nilikuta ni mlango wa zahanati. Kwenye benchi la wagonjwa limekaa deki letu la zamani, lile lililorekodi sherehe, ambalo tulimwachia shangazi Tusajigwe tulipohamia Mbeya. Limejifunika kitambaa cha kufuma mabegani, waya wake limeukunja mapajani.

"Shikamoo," nikalisalimia, maana lilikuwa limezeeka.

"Marahaba. Umeniletea diski yangu?"

"Nimeleta. Kompyuta haiijui."

"Haiwezi kuijua. Niliiandika mimi, umeme ukakatika kabla sijaifunga. Na aliyeandika ndiye hufunga." Likautazama ule mlango wa diski uliokuwa wazi. "Ila nikishafunga, haiongezwi neno. Mwenyewe amekubali?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikageuka, baba yuko nyuma yangu kwenye foleni, amevaa sweta lake la kijani. Akanipita, akaingia ndani ya diski. Wageni wakampisha.

Nikaogopa. Nilidhani anataka kubaki huko huko, iliko sauti yake.

Ndani, baba wa siku ile amesimama na shati jeupe, anaongea, na watu wanashika mbavu kwa kicheko. Baba yangu anamsikiliza mpaka mwisho. Kisha anamshika mkono, hauachii upesi, kama watu wanaoagana stendi wakijua hawataandikiana. Halafu anatoka.

"Umeongeza chochote, mzee?" deki likamuuliza.

Baba akatikisa kichwa. Akakichukua kiganja changu, akakigonga taratibu kwa kidole, nami nikaelewa: funga.

"Funga," nikaliambia deki.

"Basi asinizime mtu nikiwa kazini," likasema, likaanza kuunguruma. Mlango wa diski ukajivuta pole pole. Mmoja mmoja, wageni wakavua makoti. Mtu akaanza kula pilau lake.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Diski ilikuwa kwenye mfuko wake, juu ya kabati, pale pale nilipoiacha. Nikaichukua.

Ilikuwa ya moto, kama diski iliyotoka kurekodiwa sasa hivi.

Nikaenda nayo sebuleni taratibu, nimeishika kwa ukingo. Baba alikuwa ameshaamka. Alikuwa amevuta kiti mbele ya kompyuta akakaa, na kando yake ameweka kingine kidogo, na juu ya kile kidogo Subilaga amekwisha kupanda, miguu inaning'inia, ananitazama mikononi.