Kitenge cha Harusi ya Elsa

Sandukuni nilikuwa na vitenge kumi na tisa, na jikoni hata chumvi hakuna. Anayetaka kucheka acheke. Mimi ni mjane, mshonaji wa hapa Kasongo, na kila kitenge kilichopita chini ya sindano yangu nilitaka kiwe changu. Kwetu, kukiwa na harusi au matanga, familia huchagua kitenge kimoja na ndugu wote hukivaa. Nilivaa vya ndugu zangu, vya majirani, hata vya watu wa Lusangi ambao mpaka leo siwajui majina. Vyote nilikopa kwa Zuberi, mwenye duka la vitenge. Nikishapata kimoja, moyo unatulia siku mbili, kisha unataka kingine.

Jumatano Zuberi akaja mwenyewe nyumbani.

“Mama Sarah-Grâce, miye siko mutu mubaya,” alisema. “Lakini dawa ya deni ni kulipa. Ukikosa kuniletea nusu mpaka Siku ya Kwanza, nitabeba mashini ya kushona.”

Siku ya Kwanza kwetu ni Jumatatu. Ile mashini ndiyo inayotulisha, mimi na binti yangu. Nililia mbele yake bila haya.

Kesho yake nikapeleka vitenge sokoni, nikaviuza kwa bei ya kutupa. Nilibakiza kimoja tu, kilichochuja. Nilipata nusu ya deni, bila faranga ya ziada.

Jioni hiyohiyo mdogo wangu Estelle akafika kwa pikipiki kutoka Kabambare. Binti yake Elsa alikuwa anaolewa Jumamosi, hapahapa Kasongo.

“Yaya,” akaniita, kama aitwavyo dada mkubwa kwetu, “kikwembe cha familia iko kwa Zuberi. Amebakisha kimoja. Ukikosa kuvaa, watu watasema nini?”

Ijumaa nikaenda dukani. Zuberi akakifunua: kijani, bado kinanukia upya. Nikakipapasa. Vidole vyangu vikaanza kufungua fundo la pesa kabla sijavituma.

“Nikufungie?” akauliza.

Nikamsukumia zile pesa zote. “Hizi ni za deni. Na kuanzia leo, Zuberi, hata nikikulilia, usinipe tena kitu ku deni. Hata kitambaa cha mukono.”

Akakikunja kitenge taratibu. Nikatoka mbio, maana ningekaa kidogo ningerudi nyuma.

Jumamosi nilikwenda harusini na kile kilichochuja. Msichana wa mlangoni hakunifahamu. Akanielekeza kwenye viti vya wageni. Estelle aliniona, akageuza uso. Mimi ndiye niliyemlea Elsa miaka minne, mama yake alipokuwa mgonjwa.

Mpiga picha akaita: “Wenye kikwembe cha familia, mukuye hapa!”

Wakajipanga, kijani kitupu. Elsa akanitafuta kwa macho. Nilisimama, nikakumbuka nilichovaa, nikakaa.

Picha ikapigwa bila mimi. Jumatatu ingefika na mashini yangu ingebaki, nililijua hilo. Lakini machozi yaliyonitoka pale hayakuwa ya Elsa wala ya mdogo wangu. Yalikuwa ya kile kitenge. Bado nilikitaka.