Siku Niliyozima Kisiagi

Kisiagi changu hakizimwi. Muulize mtu yeyote wa hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, atakuambia. Hata siku tuliyomzika Baba Yasin, mume wangu, watu walirudi kutoka makaburini wakakuta unga wao uko tayari. Ukizima tu, wateja wanahamia kwa Muia ng'ambo ya barabara, na huyo Muia anasaga mahindi pamoja na mawe yake. Kwa hiyo asubuhi mpaka jioni mota yangu inanguruma, mabati yanatetemeka, na mimi Nuria na msichana wangu wa kazi tunaongea kwa midomo na vidole tu. Baada ya miaka mitatu nilikuwa naisoma midomo ya Adero kuliko mama yake mzazi.

Sasa huyo Adero. Msichana wa Gatwekera, kule Kibera, miaka ishirini na mbili, anakuja kazini kwa miguu kila siku, mvua isimtishe. Alikosa chuo kikuu cha hapa kwa pointi moja. Pointi moja, jamani! Beringi ikiharibika, yeye ndiye anafungua mashine na kuirudisha. Fundi nilimsahau hata sura.

Mwaka wa tisini na sita, mwezi wa tano, akaniletea barua wakati wa chai.

"Mama Yasin, tafadhali usikasirike."

Mtu akianza hivyo, mimi nimeshakasirika.

Kumbe alikuwa ameomba nafasi kwa chuo fulani huko Uholanzi, kusomea mashine za chakula, na masomo yote ni kwa Kiingereza.

"Kwani Waholanzi hawana lugha yao?"

"Wanayo. Lakini kozi hii ni ya watu wa nje. Afrika nzima wanachukua wawili. Karatasi zangu wamezipenda. Sasa wanataka kusikia Kiingereza changu kwa masikio yao. Watapiga simu Jumanne, saa tisa."

"Wapige wapi?"

Akaangalia chini. Halafu akaangalia simu yangu, ile ambayo marehemu aliingoja posta miaka minne na ambayo naifunga na kufuli hata nikienda kuswali.

"Adero! Ulijaza nambari yangu bila kuniuliza?"

"Sikuwa na nyingine, Mama Yasin."

Wallahi nilifoka mpaka nikasikika juu ya mashine. Lakini ningefanya nini? Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na barua ya kubadilisha nambari ingefika huko wiki tatu zikiwa zimepita.

"Hata si simu inayoniogopesha," akasema nilipopoa. "Shuleni nikiongea Kiingereza wasichana walikuwa wananicheka, ati naongea kama nimeweka samaki mdomoni. Kuandika naandika. Lakini nikitaka kuongea, nawasikia wakicheka, na koo linafunga kabisa. Nitakosa nafasi, najua."

"Na hapa kwa mashine unasemaga nini siku nzima? Midomo yako haitulii. Mimi nilidhani unasali."

Akatabasamu kidogo. "Ni Kiingereza. Hapa hakuna mtu ananisikia. Hata mimi mwenyewe sijisikii."

Jumanne ikafika. Sikumwambia mtu. Wanawake kama ishirini walikuwa kwa laini na magorogoro yao ya mahindi. Saa tisa kasoro dakika tano, nikaenda kwa swichi, nikasema bismillahi, nikazima.

Kimya kilichoingia mle ndani, hujawahi kukisikia. Wakoli, yule anayetuletea magunia kwa mkokoteni, alisimama na gunia begani kama ameona jini.

"Mama Yasin, stima imeenda?"

"Haijaenda. Nimezima mimi. Huyu mtoto anangoja simu ya Ulaya, na nisisikie mtu akikohoa!"

"Basi mimi naenda kwa Muia," akasema mmoja.

"Nenda! Na upike ugali wa kokoto!"

Hakwenda. Angekosaje kuona?

Simu ikalia. Adero akaishika kwa mikono miwili. Akasema "hello" kwa sauti ya kifaranga. Wanawake wote ishirini wakamkodolea macho. Kutoka kwa simu nikasikia sauti ya mzungu, "Hello? Hello?" Midomo ya Adero ilicheza, sauti haikutoka. Machozi yakaanza. Akaniangalia, na midomo ikaniambia: siwezi.

Nilishikwa na hasira, we! Ningewapata wale wasichana wa shule siku hiyo, ningewatia kwa mashine.

"Ongea, mwanangu! Ongea!"

Wapi. Mzungu aliita tena, na mkono wa Adero ukaanza kushuka na simu. Hapo ndipo akili ilinirudia. Nuria, mjinga wewe! Umemfanyia wema gani? Msichana ana mahali pamoja tu duniani pa kuongelea Kiingereza, na wewe umepazima.

Nilikimbia kwa swichi, buibui nusura inase kwa belti.

"Mama, unaharibu!" Wakoli akapiga kelele.

Nikawasha. Bila mahindi ndani mashine haingurumi sana, inavuma tu, lakini mabati yalianza kutetemeka kama kawaida. Adero akafumba macho. Akaziba sikio moja kwa kidole, simu akaibana kwa lile lingine. Midomo ikaanza kwenda, ile ile ninayoijua. Ila safari hii sauti ilitoka, tena sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mota. Nafikiri mpaka barabarani walisikia.

Kiingereza changu ni cha kuhesabu pesa, lakini niliokota neno hapa na pale. Walimuuliza hiyo kelele ni ya nini, naye badala ya kuomba msamaha akaanza kuwaeleza. Nyundo za kusagia. Belti. Beringi. Mkono ukizunguka hewani kama wanamwona! Dakika kumi na tano walizosema zikawa arobaini, na laini yangu yote ya wateja ikangoja.

"Walikucheka?" nikamuuliza alipoweka simu.

"Tulicheka pamoja," akasema.

Halafu ikaja kungoja, na kungoja kunaua. Mwezi wa sita ukaisha. Msichana hali, halali. "Afrika nzima, Mama Yasin. Wawili tu." Mimi namjibu, "Kwani Afrika nzima inajua kufungua beringi?" Lakini usiniulize nilivyokuwa nasali. Wakoli naye kila asubuhi, "Niaje mtaalam, Ulaya wamesemaje?" mpaka siku nilipomtupia kifagio.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba Adero alichelewa. Mashine ilikuwa inasaga, laini imefika nje, na mimi nilikuwa nimeandaa matusi. Nikamwona mlangoni. Ameshika bahasha, kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa amekimbia kutoka Kibera.

Midomo yake ikasema: nimepata.

Nikamuuliza kwa midomo: na karo?

Kila kitu. Chumba, chakula, ndege. Kila kitu!

Nikaliacha debe la watu mikononi mwa Wakoli, nikaenda kwa swichi, nikazima mbele ya wateja mara ya pili katika maisha yangu.

"Sasa isome hapa," nikamwambia, "kimya hivi hivi. Na kwa Kiingereza."

Akawaangalia wale wanawake. Nikaona koo linafunga. Yarabi, nikasema, nimemponza tena. Akameza mate, akafungua barua, akasoma. Yote, tangu jina lake juu mpaka sahihi chini, bila mota, bila kufumba macho, kwa sauti ile ile ya kisiagini. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza, wanawake ambao hawakuelewa hata neno walipiga vigelegele, na mimi nililia mbele ya wateja bila haya.

Nilipofuta macho nikagundua bado kuna kimya kisicho cha kawaida. Nikachungulia nje. Ng'ambo ya barabara Muia amesimama mlangoni kwake, unga mpaka kwenye nyusi. Naye alikuwa amezima.