Diski ya Pili

Kazini walimwita Nakala, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya bima, kwenye chumba kisicho na dirisha, na kila aliyekuja kulia kwamba faili lake limepotea aliulizwa swali moja kabla hata hajakaribishwa kiti: "Nakala iko wapi?" Enzi za ujana wake mashine moja ilimfia mikononi na kumbukumbu za wateja wa mwaka mzima zikaenda nayo. Hakufukuzwa kazi, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akajiwekea sheria: kitu cha pekee hakiguswi mpaka pawe na mahali pawili pa kukihamishia.

Sheria nzuri hiyo, na imeokoa wengi. Ubaya wa sheria nzuri ni kwamba mtu anaweza kujificha nyuma yake na watu wakampigia makofi.

Nyumbani kwake na mkewe kitu cha pekee kilikuwa diski ndogo nyeusi, ya kuchomeka kwa waya, iliyoviringishwa taulo ndani ya kabati la nguo. Humo ndimo alimokuwa binti yao.

Binti alizaliwa akisikia vizuri. Homa ilimla masikio hata kutembea hajakomaa, na tangu hapo akaongea kwa mikono. Mama yake alijifunza lugha ya alama pamoja naye, ishara kwa ishara, mpaka wakawa wanapiga soga jikoni na kucheka hadi chakula kinaungua. Baba alishika chache tu: njoo, kula, lala, baba. Mengine alimwachia mkewe amfasirie, maana kila siku alikuwa na kazi. Binti alipokwenda chuo cha mbali akawa anamtumia mama yake video, amesimama mbele ya ukuta wa bweni, mikono inakwenda mbio. Kisha nimonia ikamchukua, na wazazi walifika wakakuta amekwisha kufunikwa shuka.

Zile video ndizo zilizobaki. Simu ya mama ilipoanza kugoma, Nakala alizihamishia kwenye diski ile, na haukupita muda simu ikafa kabisa. Halafu siku ya kuhama nyumba diski ikaanguka sakafuni. Alipoichomeka kuijaribu ikatoa mlio, tiki, tiki, kama ukucha unaogonga meza. Aliichomoa papo hapo, akaiviringisha taulo, akatangaza kwamba isiguswe na mtu. Mtu gani, Mungu anajua, maana walikuwa wawili tu ndani ya nyumba.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alianza kwa kukosa tundu la sindano, akahamia kujigonga kwenye miimo ya milango, mwisho akaenda hospitali. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, na kwamba alikuwa amechelewa.

"Tunaweza kuipunguza mwendo, mama," daktari alisema. "Kilichopotea hakirudi."

Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe likizidi kusinyaa. Jioni ile hakulia. Aliketi mezani, mikono mapajani, akamwambia mumewe: "Nataka kumwona mwanangu kabla giza halijaingia. Wenzangu wakipofuka wanabaki na sauti za watoto wao. Wa kwangu sauti yake ilikuwa mikononi."

Nakala alielewa, asije mtu akamtetea kwamba hakuelewa. Alimshika bega mkewe akamwahidi kumjengea seva: sanduku moja la kukaa sebuleni, video zote ndani yake, zimehifadhiwa mara mbili, aketi kwenye kochi, abonyeze kitufe na binti atokee kwenye runinga kubwa.

"Runinga kubwa ya nini?" mkewe alisema. "Mimi naona padogo. Niwekee hata kwenye simu."

"Simu huanguka. Simu huibiwa. Niachie, nitakufanyia kitu cha kudumu."

Basi akaanza kupanga. Sanduku la chuma lenye feni pana, za kuzunguka polepole. Prosesa isiyokula umeme mwingi, kwa kuwa seva hailali. Ramu ya aina inayojisahihisha makosa, ambayo ilibidi iagizwe, na ubao mama unaoikubali ramu hiyo, ambao nao uliagizwa, ukaja sio wenyewe, ukarudishwa. Betri ya kuishikilia mashine umeme ukikatika. Alipima kabati la runinga, akaona joto litazidi, akalitoboa mgongoni, kisha akaghairi na kuuhamishia mpango wote chini ya rafu ya vitabu. Alichora nyuma ya kalenda, akafuta, akachora upya. Akiisimulia ile seva uso wake ulichangamka kama wa bwana harusi, na mkewe, aliyekuwa bado anaona kiasi hicho, alianza kuuogopa huo uchangamfu.

Tuseme ukweli, vifaa havikuwa vinamchelewesha. Mtu huyu alikuwa anaogopa. Tangu mazishi hakuwa amethubutu kutazama hata picha moja ya binti yake, na seva ikiwa bado kwenye karatasi aliweza kuwa baba mwema bila kumtazama mtoto usoni.

Spea alizinunua kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye duka la kompyuta na mdomo usio na pazia. Huyo ndiye aliyemuuzia diski ya kwanza, mpya, kubwa, ya kazi za kutwa kucha.

"Na ya pili hii hapa, shemeji. Tumbo moja na mwenzake."

"Hiyo sitaki. Diski za katoni moja hufa pamoja. Nataka ya katoni nyingine, ikiwezekana hata ya kiwanda kingine."

"Makubwa! Mbona dada yangu ulimchukua bila kuuliza katoni?"

Nakala alicheka. Shemeji naye alicheka, halafu akaacha, akaegemea kaunta. "Sikiliza. Jana dada alipita hapa. Aliisalimia ile feni ya kusimama akidhani ni mimi. Alipogundua akafanya utani, lakini nilimwona. Chukua hii moja, nenda kahamishe leo, atazame. Ya pili itakuja itakapokuja."

"Nakala moja si nakala. Ile diski ni mgonjwa, huenda ikakubali kusomwa mara moja tu. Nikihamishia mahali pamoja tu na hapo pakafa, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Na dada akipofuka je?"

"Kawia ufike, shemeji."

"Hayo kamwambie mwenyewe."

Akaenda akamwambia. Mkewe alikuwa anakunja nguo kwa kupapasa, mshono kwa mshono.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema. "Nikuombe kitu kimoja tu, mume wangu. Ichomeke. Nitazame moja, yoyote ile, hata nusu. Ikifa, ife naitazama."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Nakala aliinuka akaenda kupima njia ya nyaya ukutani. Mkewe alibaki na shati mkononi, akilisikiliza lile futi la chuma likivutwa na kurudi. Ile diski mpya ilikaa juu ya kabati ndani ya mfuko wake, tupu kabisa, ina nafasi ya kumtosha binti yao na mabinti wa mtaa mzima. Nakala alikuwa anangoja kwanza apatikane mwenzake.

Mwenzake alikuwa bado hajafika siku mkewe alipoketi kitandani asubuhi na kuuliza kama umeme umekatika. Jua lilikuwa limejaa chumbani, limefika hadi kwenye shuka.

"Ndiyo," Nakala alisema. "Umekatika."

Mkewe alitega sikio. "Mbona nasikia redio ya jirani?"

Nakala akaketi kando yake. Alimvuta akamkumbatia, na mkewe alimwacha amkumbatie, lakini mikono yake mwenyewe aliiweka magotini wala hakuiinua.

Diski ya pili ilipokuja ilikuwa ya katoni nyingine, ya kiwanda kingine, vile vile alivyotaka. Akaifunga seva, skrubu kwa skrubu. Akaichomeka diski ya zamani, ikalia tiki, tiki, ikatoa kila kilichokuwamo. Haikupotea video hata moja. Kama kuna fundi aliyewahi kufanya kazi isiyo na doa, ni yeye. Wahenga husema majuto ni mjukuu, na hawa wawili hawakuwa na mwingine wa kumtarajia.

Hakuwa na moyo wa kuiwasha. Aliyemlazimisha ni mkewe, alasiri moja, ameketi kwenye kochi amejitanda kanga. "Si imekwisha? Washa."

Aliwasha. Feni hazikusikika hata kidogo. Kwenye runinga kubwa alitokea binti, mkubwa kuliko alivyowahi kuwa, na nyuma yake ukuta wa bweni uliobanduka rangi.

"Ametokea?"

"Ametokea."

"Anasema nini?"

Nakala alitazama ile mikono ikipanda na kushuka, vidole vikifunga na kufunguka, akaona ni sawa na kutazama mvua. "Sijui," alisema. "Mke wangu, mimi sijui."

"Njoo hapa."

Aliketi karibu yake. Mkewe akaishika mikono yake kama anayeshika bakuli. "Isimamishe. Mfuatishe anavyofanya, mimi nitasoma kwako."

Akaisimamisha picha, akajaribu kuiga. Mkewe akamkagua, kidole kwa kidole.

"Hicho si kitu. Kiganja kinatazama wapi?"

"Kinamtazama yeye."

"Basi kigeuze. Na uso je? Nyusi zimekaaje?"

"Nyusi za nini tena?"

"Tazama nyusi. Zikipanda, anauliza."

Ikabidi amtazame. Miaka yote hiyo alikuwa akimkwepa, sasa akawa anaulizwa habari za nyusi, za mdomo, za macho kama yamefumba au yamekodoa. Aliona chunusi kidevuni ambayo hakuijua. Aliona kola iliyoshonwa na mkewe. Alibonyeza, akasimamisha, akaiga, akakosea, na kila alipokosea mkewe alimrudisha mwanzo bila huruma. Sentensi nzima ya kwanza haikupatikana, na ya pili ilitoka vipande: chakula, baridi, mwenzangu wa chumbani. Mkewe alikuwa akivipokea vipande hivyo kama mtu mwenye njaa.

Kisha ikaja ishara aliyoijua. Aliifanya haraka, bila kuisimamisha picha.

"Baba," mkewe alisoma. "Halafu?"

"Anachota kitu kiganjani. Anakipandisha, anakiweka kwenye paji la uso."

"Fanya."

Akafanya.

"Nyusi?"

"Zimepanda."

Mikono ya mkewe ikatulia juu ya yake.

"Anasema nini?" Nakala aliuliza.

"Anauliza kama baba ameanza kujifunza."

Kwenye runinga binti alikuwa amesimama vile vile, nyusi juu, mdomo wazi kidogo, anangoja ajibiwe. Nakala aligeuka akamtazama mkewe.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia umeanza," mkewe alisema. "Nilimwambia unajifunza kwa siri, unaona haya kumwonyesha kabla hujaiva. Alifurahi sana. Alicheka mpaka akashika tumbo."

Nakala alitaka kuiondoa mikono yake ajifunike uso. Mkewe alikuwa ameishika barabara.

"Bonyeza," alimwambia. "Nataka na inayofuata."