Kioo cha Kumi na Saba

Jumatatu, saa nne kasorobo, watu walipomaliza chai, Serafina alifungua jalada la kumi na saba, akachomoa kioo cha picha na kukilaza juu ya meza ya taa. Ilikuwa mwaka 1972, katika masjala ya ofisi moja ya madini, Shinyanga. Vioo vile vilibeba mwanga wa nyota uliochambuliwa ukawa mistari, kila nyota na jalada lake. Mtaalamu aliyevipiga alisharudi kwao, na kwa kuwa meza ya taa ilikuwa hiyo moja tu mjini, kazi ya kuviorodhesha ikamwangukia Serafina. Aliachiwa karatasi ya mwongozo: mstari huu ni chuma, ule ni chumvi, mistari yote ikiegemea kulia, nyota inatuacha.

Kioo cha kumi na saba kilikuwa na dhahabu, vumbi la mawe, moshi wa taa ya kabaidi na, pembeni kabisa, mstari mwembamba wa ugoro. Kilipopata joto la taa kikakohoa mara tatu, mara ya tatu kwa kifupi. Serafina akakitambua kikohozi kile: ni Mihayo, mumewe. Akaandika jina kwenye orodha kwa wino wa bluu, kama utaratibu ulivyotaka.

Miaka tisa nyuma Mihayo aliingia shimoni, kwenye mgodi mmoja upande wa Geita, na shimo likaporomoka. Kitabu cha mgodi kiliandika kwamba watu kumi na mmoja wa zamu ile walitoroka kazini. Mama mkwe wa Serafina, Limi, akakataa katakata kuweka matanga.

"Siwezi kumlilia mtu aliyetoroka," alisema. "Lete karatasi inayosema amekufa, tunyoe nywele za msiba."

Tangu hapo Serafina hakuwa mke wala mjane, na jambo hilo lilimuuma kila siku.

Alimwita mkuu wa ofisi, Ndugu Herman, ambaye aliinama mezani, akasikiliza kikohozi, akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiye. Tulicheza naye mpira Runzewe."

"Basi andika kwamba amekufa, Ndugu Herman."

Herman hakuwa mtu wa kubabaisha. Alichukua rula, akapima mistari, akausoma mwongozo mara mbili.

"Imeegemea kulia, Ndugu Serafina. Anatuacha, tena mbio."

"Ametuacha kwa kufa."

"Karatasi haisemi sababu. Inasema anakwenda."

Akagonga muhuri juu ya jalada: UTORO UMETHIBITISHWA. Kisha akalirudisha rafuni mwenyewe, kwa heshima, kwa sababu walikuwa wanafahamiana.

Jioni Serafina alimsimulia Limi yote. Limi aliuliza kitu kimoja tu.

"Bado anakohoa?"

"Bado, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi ugoro hajaacha," alisema Limi, akampakulia mwanawe ugali na kuufunika, kama alivyofanya kwa miaka tisa.

Serafina alichukua kitana, akafumua nywele zake, akaanza kuzisuka upya.