Diski Iliyougua Mchana Tu

Seva, kompyuta iliyohifadhi vipindi vya redio ya mji wa Naryn, ilikaa kwenye rafu iliyopigiliwa misumari ukutani, nyuma ya mlango wa chumba cha matangazo. Ndani yake mlikuwa na sauti za watu ambao wengi wao walikwisha kufa: waimbaji, wachungaji wa kondoo, akina mama waliosimulia habari za majira ya baridi ya zamani. Kanda walizorekodiwa zilishaota ukungu zikatupwa. Kwa hiyo kipindi cha alasiri kilipokatika tena katikati ya wimbo, mkuu wa redio, Toktosun, alimpigia simu Begaiym, fundi aliyewatunzia mitambo.

"Mwanangu, diski inakufa," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Njoo kabla haijaondoka na wazee wetu."

Begaiym alifika kesho yake asubuhi. Hakufungua kitu. Kwanza alichomeka diski ya nje akaanza kunakili, kwa kuwa mgonjwa akiwa mahututi unaokoa mali kwanza, kupima baadaye. Faili zikiwa zinahama, akaanza kusoma kumbukumbu za mfumo. Linux, mfumo unaoiendesha seva, ilikuwa imelalamika mno: kusoma kumeshindikana, mawasiliano na diski yamekatika, yameanzishwa upya, yamekatika tena.

"Nilikwambia," Toktosun alisema, akichungulia begani kwake.

"Kwa maandishi haya, hata mimi ningeagiza nyingine leo."

Lakini kunakili kulikwenda vizuri asubuhi nzima, bila kukwama hata kidogo, na jambo hilo likamkera. Walikula mkate na jemu ya aprikoti, wakanywa chai. Waliporudi, kazi imesimama na malalamiko mapya yanamwagika kwenye skrini. Begaiym akapandisha maandishi juu, akatazama tarehe na saa za makosa yote ya nyuma. Yote yalikuwa ya mchana. Asubuhi hapakuwa na hata moja.

"Mzee, umewahi kuona mtu anayekata roho baada ya chakula cha mchana tu, halafu kesho asubuhi mzima?"

"Shemeji yangu," alijibu Toktosun. "Hasa kukiwa na kazi ya shambani."

Begaiym akacheka, akaandika amri ya smartctl ili diski ijieleze yenyewe. Sehemu mbovu zilizohamishwa: sifuri. Sehemu zinazoshukiwa: sifuri. Akarudia kusoma, akidhani macho yamemdanganya. Ila mstari mmoja ulikuwa na tarakimu nyingi, ule unaohesabu data zilizoharibika njiani, kati ya diski na ubao wa kompyuta. Alipouliza tena baada ya muda mfupi, tarakimu ilikuwa imepanda.

"Diski haina neno," alisema polepole. "Kinachoharibika kinaharibikia kwenye waya. Lakini kwa nini mchana?"

Akaweka kiganja ukutani, karibu na rafu. Ukuta ulikuwa unatetemeka.

"Huko nyuma kuna nani?"

"Zuurakan na wenzake. Wanatengeneza mazulia ya sufu. Walihamia juzijuzi, na kazi yao huanza mchana."

Begaiym alitoka akazunguka nyumba. Wanawake watano, wameshikana mikono, walikuwa wakikanyaga peku mkeka wa matete uliofungwa kama gogo, sufu iliyomwagiwa maji ya moto ikiwa ndani, na kila waliporusha mguu gogo liligonga ukuta.

"Dada Zuurakan, naomba msimame kidogo."

"Sufu itapoa, binti! Una nini?"

"Nataka kujua kama mnaiua redio."

Waliangua kicheko, lakini wakasimama. Begaiym akapaza sauti dirishani: "Mzee! Namba?"

"Imetulia!"

"Haya, kanyageni!"

Wakakanyaga kwa nguvu zote, mmoja akipiga mbinja.

"Inapanda!" Toktosun akapiga kelele. "Inapanda, acheni, mnawaua wazee!"

Begaiym akarudi mbio, akazima seva na kuifungua. Waya wa diski ulikuwa wa zamani, kibanio chake cha kufungia kimevunjika, ukicheza kwa kuguswa na kidole tu. Akaweka mpya wenye kibanio, akaishusha seva kutoka ukutani na kuiweka mezani, akawasha, akaendelea kunakili. Namba ile haikurudi nyuma, kwa sababu huwa hairudi, ila haikupanda tena, hata wanawake walipogonga ukuta kwa makusudi.

"Kwa hiyo haifi?" Toktosun aliuliza.

"Itakufa siku moja, kama sisi. Ndiyo maana nakala hii utaiweka nyumbani kwako, siyo hapa."

Mzee akavaa vipokea sauti, akafungua wimbo mmoja, akafumba macho.

Begaiym aliugeuzageuza ule waya mbovu kwenye mwanga, akautia mfukoni akaukate nyumbani aone ndani. Kisha Zuurakan akagonga dirisha: mwenzao mmoja ameumia kisigino, na sufu bado ina joto. Begaiym akavua viatu.